Pikapu ya Mgeta na Hewa Inayoivuta



Kuna pikapu ambazo watu wa Sangasanga, mkoani Morogoro, huzisikia kabla hawajaona taa zake. Ni alfajiri, saa kumi na nusu, giza bado limetanda. Kutoka upande wa Langali unasikika mngurumo unaoshuka kona baada ya kona. Unapotea bondeni, unaibuka, unapotea tena, hadi gari lenyewe linajitokeza kwenye barabara kuu ya Iringa, limeshindiliwa kabichi na karoti mpaka turubai limekataa kufunga. Dereva anajua kwamba anasikika. Tena alilipia asikike. Alikwenda gereji mjini akasema toeni sailensa, katizeni bomba, na masega ya ekzosi kama yapo yaondoeni. Na huku mbele tupeni hilo boksi la hewa, mniwekee filta ya wazi, gari lipate pumzi. Wakamfanyia. Akaondoka kifua mbele.

Leo nataka tuzungumze habari za hiyo pumzi. Sina ugomvi na mtu anayelipenda gari lake, wala simo kwenye kundi la wanaodhani kila fundi wa mtaani ni mharibifu. Ila nimekaa kwenye magereji ya Kihonda na Msamvu, hapa Morogoro mjini, muda wa kutosha kuona fedha za madereva na wakulima zikiishia kwenye kelele, na gari likirudi mlimani linahema vilevile.

Tukubaliane kwanza kwamba huku kwetu nguvu ya gari haitafutwi kwa anasa. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiiacha barabara kuu pale Sangasanga ukaanza kukwea kwenda Mgeta, ukapita Langali, ukafika Nyandira, umeshavuka mita 1,500. Yaani gari na mzigo wake vimepandishwa zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na kila kipande cha kupanda huko injini imekilipia. Upande wa pili wa milima ya Uluguru, kule Kiroka, Mkuyuni, Kinole na Matombo, urefu si huo, lakini miteremko ni mikali, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa sabuni. Huko ndiko zinakotoka ndizi zinazoshushwa Mabibo, pale Dar es Salaam, kwenye soko ambalo watu wamelibatiza Mahakama ya Ndizi. Treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024, na ni jambo la kujivunia, lakini hakuna reli inayopanda Nyandira. Kabichi inashuka kwa pikapu. Mgonjwa anashuka kwa pikapu. Bwana harusi naye, kama mvua imeamua hivyo, anapanda kwa pikapu. Wakazi wa zamani wa Dar es Salaam wanazikumbuka pikapu za abiria zilizoitwa chai maharage, watu wameketi kwenye mabenchi wametazamana. Mjini zilishasahaulika, huku mlimani ndugu zake bado wako kazini.

Na magari yenyewe mnayajua. Ni Hilux za dizeli za kizamani, zile za injini ya 3L na 5L. Ni Hilux mpya kidogo zenye turbo. Na kwa mwenye uwezo, au kwa mradi, ni Land Cruiser ya injini ya 1HZ: pistoni sita, lita 4.2, haina turbo kutoka kiwandani, nguvu za farasi 130 hivi, na nguvu yake kubwa ya kuzungusha inaipata kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Shikeni hiyo namba ya 2,200, tutaihitaji tukifika kwenye bomba.

Sasa, injini inakula nini? Muulize dereva, atakwambia dizeli. Hilo ni jibu la mtu anayelipa pale sheli. Hewa haiuzwi sheli, kwa hiyo hakuna anayeihesabu. Lakini lita moja ya dizeli, ili iungue ikaisha, inahitaji kilo kama 12 za hewa. Kilo 12 za hewa ni chumba kizima: upana mita 2, urefu mita 2, kimo mita 2 na nusu. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa; kwa kawaida injini ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Ukijaza tangi la lita 60, umelipa gari kazi ya kuvuta vyumba 60 vya hewa, vyote vipite kwenye filta moja ya karatasi unayoweza kuibeba kwapani. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inapitisha karibu lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo moja.

Ukipanda mlima, hewa inapungua uzito. Kati ya Morogoro mjini na Nyandira inapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na turbo inavuta ujazo uleule iliouzoea, lakini ndani ya ujazo ule hewa ni pungufu. Pampu ya dizeli ya kizamani haina habari. Inaendelea kumimina kiasi kilekile ilichokuwa inamimina Msamvu. Dizeli iliyokosa hewa inatoka kwenye bomba ikiwa moshi mweusi, na gari lililokuwa safi mjini linaacha wingu nyuma yake kila kona ya Langali. Dereva akiona hivyo anasema gari limekabwa. Na ni kweli limekabwa, lakini aliyelikaba ni mlima, na mlima hautolewi kwa kukata bomba.

Hapa ndipo filta ya wazi inapoleta kichekesho. Nguvu inapungua pia hewa ikiwa ya moto, maana hewa ya moto nayo ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 30 ikipashwa ikafika nyuzi 60, inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake: kiasi kilekile alichokuchukulia mlima. Angalieni sasa boksi la hewa lililokuja na gari. Halikuwekwa kwa ajili ya kuziba nafasi. Lina mdomo wake, na mdomo huo umeelekezwa pembeni, ndani ya madigadi au nyuma ya taa, ambako hewa inaingia ikiwa bado na ubaridi wa nje. Fundi akiling'oa boksi hilo akaweka filta ya wazi, ile ya umbo la koni inayong'aa, injini inavuta hewa ya ndani ya boneti, hewa iliyopita kwenye redieta na kupiga soga na manifodi ya ekzosi. Kwa mwendo wa taratibu wa mlimani, gia ya kwanza na ya pili, hakuna upepo wa kuipooza. Kwa maneno mengine, fundi amelipandisha gari Nyandira kabla halijatoka Kihonda.

Lakini linasikika vizuri, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Lile boksi lilikuwa linameza sauti ya kufyonza. Likiondoka, ukikanyaga mafuta unasikia injini ikivuta kwa nguvu, vuuu, na moyo unakwambia gari limechangamka. Sikio ni kipimo kibaya cha nguvu. Wahenga walishasema juu ya debe tupu, sina haja ya kuwarudia.

Niliwahi kumwona fundi mmoja akiumaliza ubishi huu bila maneno mengi. Alichukua mpira mweupe wa plastiki, ule ambao waashi wanautumia kupimia usawa wa msingi. Akaukunja kwa umbo la herufi U, akaufunga kwenye kipande cha ubao pamoja na rula ya shule, akatia maji nusu na matone ya chai ili yaonekane. Ncha moja akaiacha wazi, nyingine akaipenyeza kwenye bomba la hewa la gari la mteja, baada ya filta. Ubao akaupachika mbele ya kiti cha abiria. Wakapanda nalo mwinuko wa kuelekea Kigurunyembe, dereva akakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikivuta hewa kwa shida, maji yanavutwa upande wake. Kadiri shida inavyozidi ndivyo tofauti kati ya pande mbili za mpira inavyokua. Kwa filta aliyokuja nayo dereva, tofauti ilipita sentimita 60. Fundi akasimamisha gari, akaweka filta mpya ya karatasi, ya kawaida kabisa, wakarudia. Maji hayakufika 20. Kisha wakarudia bila filta kabisa, dakika moja tu, kwa ajili ya ubishi. Maji yalishuka kidogo sana, tofauti ya kuangalia kwa kukodoa.

Watengenezaji wengi wa injini za dizeli huagiza filta ibadilishwe kizuizi kikifika kati ya sentimita 50 na 65 za maji. Lile gari lilikuwa limefika. Dereva akauliza, "Sasa fundi, na ile filta ya wazi niliyoinunua Dar?" Akajibiwa, "Kamuuzie mtu wa lami, mzee wangu."

Mzigo mzima wa mazungumzo yangu ya leo umo ndani ya mpira ule. Nguvu nyingi tunazozitafuta kwa kubadilisha gari ni nguvu tulizozipoteza wenyewe kwa uchafu. Gari halijawahi kukosa pumzi kiwandani. Limekosa pumzi kwenye barabara ya Kisaki, mwezi wa tisa, likifuata lori. Vumbi la njia zetu za changarawe lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Likipita filta, linasaga ringi za pistoni, na injini inaanza kula oili. Basi filta isiyochuja vizuri, hata kama inapitisha hewa kwa urahisi, inakupa nguvu ya mwezi huu kwa bei ya injini ya mwakani. Zile za pamba zinazopakwa oili zina ubaya mwingine kwenye gari lenye sensa ya hewa: oili ikizidi, inachafua sensa, kontrol boksi inadanganywa, na dereva anaanza kubadilisha nozeli ambazo hazina kosa.

Na kupuliza filta, jamani. Kijana wa gereji anashika bomba la kompresa, anaipuliza karatasi kwa upepo wote uliopo, tena kutoka nje kwenda ndani, vumbi linazama zaidi na karatasi inapasuka tundu usiloliona. Kama lazima upulize, punguza upepo, puliza kutoka ndani kwenda nje, kisha weka tochi ndani ya filta uitazame gizani. Mwanga ukipenya kama nukta kali mahali popote, hiyo ni takataka, itupe.

Kuna badiliko moja la upande wa hewa ambalo ninaliunga mkono kwa mikono miwili, nalo ni mkonga. Namaanisha lile bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, hadi magari yenyewe tukayaita ya mkonga. Mkonga haukuongezei farasi hata mmoja. Lakini unavuta hewa ya juu, ya baridi, iliyo juu ya sehemu kubwa ya vumbi linalotimuliwa na gari lililo mbele yako. Na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mito na vijito vya upande wa Mvuha na Matombo vinapopita juu ya barabara, mkonga ndio unaozuia injini isinywe maji. Hewa inakubali kubanwa ndani ya silinda, maji hayakubali. Kikombe cha maji kikiingia, konrodi inapinda, na hapo hakuna fundi wa kukufariji. Sharti la mkonga ni kwamba viungio vyote, kuanzia juu mpaka kwenye boksi, vizibwe visivuje. Nimeona mikonga mizuri ya kupendeza ambayo ndani ya madigadi haikuungwa na kitu. Ile ni mapambo. Afadhali dereva ajue hana mkonga, ataogopa mto.

Tuje nyuma, kwenye bomba la moshi. Hapa inabidi niwe muungwana, maana ukweli umegawanyika.

Kama pikapu yako ina turbo, bomba lina maneno ya kusema. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka, na kadiri moshi unavyopata njia rahisi baada ya kuipita turbo ndivyo inavyoamka mapema na ndivyo joto la moshi linavyopungua. Fundi akitoa bomba jembamba lenye kona za kukunjamana akaweka pana kidogo, lililopindwa vizuri, lenye sailensa yake, gari litabadilika kweli, na hasa utaliona kwenye mlima. Hiyo ni kazi halali, inayoheshimika. Ila kwa magari mapya yenye kontrol boksi, usitarajie miujiza. Kompyuta ndiyo inayoamua dizeli kiasi gani iingie, na kama haijaambiwa kitu, itaendelea na hesabu zake za zamani.

Kama pikapu yako haina turbo, na nyingi za mlimani hazina, bomba si tatizo lako. Ikumbukeni ile 2,200. Injini hizi zinafanya kazi kwa mizunguko ya chini. Katika mizunguko hiyo, moshi unaotoka si mwingi kiasi cha kushindwa na bomba la kiwandani, labda liwe limebondwa na jiwe au limeziba kwa masizi. Kuweka bomba nene kama la lori kunafanya moshi upoe na utambae badala ya kukimbia, na kwenye mizunguko ya chini unaweza hata kupoteza kidogo. Kutoa sailensa kwenye 3L kunakupa sauti. Basi.

Sasa masega. Hayo yamo zaidi kwenye magari ya petroli, na kwenye baadhi ya dizeli za siku hizi. Ni kopo lililo katikati ya ekzosi, ndani yake kuna udongo wa kuoka wenye matundu madogo madogo yaliyopangana, ndiyo maana mafundi wakayaita masega. Matundu hayo yamepakwa madini matatu, platinamu, paladiamu na rodiamu, nayo yakipata moto yanaibadilisha gesi ya sumu kuwa gesi yenye nafuu. Fundi atakwambia masega yanakaba gari. Masega mazima hayakabi kitu cha kujali. Yanayokaba ni yaliyoziba au kuyeyuka, na hayazibi yenyewe: aidha injini inakula oili, au plagi moja haichomi na petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya kopo. Ukiyatoa bila kutafuta chanzo, umemnyamazisha shahidi. Taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, maana sensa iliyo nyuma ya masega itashangaa, na fundi atakushauri uitoe balbu. Hivyo ndivyo gari linavyopofushwa taratibu.

Kisha kuna biashara. Madini yale matatu ni ghali. Mwezi Machi 2021 wakia moja ya rodiamu ilivuka dola 25,000 za Kimarekani kwenye soko la dunia. Bei imeshuka sana tangu hapo, lakini bado ni madini ya thamani. Wanunuzi wa masega wanapita kwenye magereji yetu, wanapima kwa jicho, wanalipa taslimu, na shehena inakwenda nje kusafishwa. Kwa hiyo fundi anapokuambia kwa huruma nyingi kwamba atakutolea masega bila kukudai ufundi, anajua anachokisema kuliko wewe.

Niseme na hili la hatari, maana sisi huku tunabeba watu nyuma. Bomba lililokatwa njiani, likaishia chini ya kabini au chini ya bodi, linatoa moshi mahali ambapo watu wamekaa. Wakiwa wamejifunika turubai kwa sababu ya mvua ya kule Bunduki, na gari liko gia ya kwanza haliendi, moshi unaingia na hautoki. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na gari la petroli lisilo na masega linaitoa kwa wingi. Mtoto anasinzia, mama anadhani ni uchovu wa safari. Bomba lazima lifike nyuma kabisa, lipite bodi, na viungio vyake visipumue. Kuvipima ni rahisi: asubuhi gari likiwa la baridi, liwashe, pitisha kiganja karibu na kila kiungio bila kugusa. Kinachovuja utakisikia kwenye ngozi.

Upo mtego wa tatu, na huu ndio wenye madhara kuliko yote: kufungulia pampu. Dereva akiona bomba na filta havikuleta kitu, anakwenda kwa fundi wa pampu, skrubu inazungushwa, dizeli inaongezwa. Hapo gari kweli linapata nguvu, siwezi kudanganya. Kwa kitambo. Lakini hewa haikuongezwa, tena unapanda mahali ambapo ni pungufu. Joto la moshi linapanda, silinda hedi inapata nyufa, gasketi inaungua, gari linachemsha Langali na mzigo wa watu unaozea njiani. Wapo wanaotaka hata kuifunga turbo kwenye 1HZ kisha wafungulie na pampu. Injini ile haikutengenezwa kwa joto hilo. Anayefanya hivyo bila kipimo cha joto la moshi anacheza kamari na mtaji wa familia.

Na ule moshi mweusi haupotei hewani tu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta wa kwanza ni yule mama wa Kinole anayetembea pembezoni mwa barabara na mkungu kichwani, hana hisa kwenye gari lako wala nauli yako.

Kelele nayo ina wenyewe inaowasumbua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa askari mamlaka ya kulisimamisha gari bovu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo msingi wa kanuni za kelele. Tunajua pia sote kwamba stika ya ukaguzi ya Nenda kwa Usalama inaweza kubandikwa kwenye kioo cha gari ambalo sailensa yake imebaki gereji. Sitaki kuingia huko leo. Nasema tu kwamba barabara hizi zinapita chini ya msitu wa Uluguru, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, msitu unaoulisha mto Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam, wenye ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Zinapita pia kwenye shule, zahanati na misikiti na makanisa. Mngurumo wa saa kumi usiku hauongezi kabichi hata moja kwenye mzigo.

Mtu ataniuliza, basi mwenye laki tano mkononi na pikapu inayosuasua afanye nini? Mimi ningeanza na vitu visivyo na sauti. Filta mpya ya karatasi, na boksi lake lirudishwe kama lilivyokuwa, na mdomo wake wa kuvutia hewa ya nje usikose. Mpira wa hewa uliopasuka ubadilishwe. Nimeona iliyofungwa kwa soli tepu. Kwenye Hilux za D-4D, fungua manifodi ya kuingizia hewa uone masizi yalivyoganda kwa sababu ya moshi unaorudishwa ndani. Mengine yamebakisha njia ya kidole gumba. Kuyasafisha hayo kunaweza kukurudishia gari ulilolisahau. Nozeli zipimwe na fundi mwenye mashine ya kupimia, si mwenye kupima kwa kusikiliza. Klachi iangaliwe, breki zilizobana ziachiliwe, upepo wa matairi uwe sawa. Na mzigo, ndugu zangu: gari lililotengenezwa kubeba tani moja likipakiwa mbili, hakuna ekzosi duniani itakayolisaidia.

Kisha salio lote liende kwenye breki. Nguvu ya kupanda ikikosekana, utachelewa sokoni, labda utasukumwa na vijana wa Nyandira kwa malipo ya soda. Ya kushuka ikikosekana, hakuna wa kukusukuma. Gari linaloshuka Langali limebeba viazi linahitaji pedi nzima, oili ya breki isiyo na maji, na dereva anayeshuka kwa gia aliyopandia.

Wenye pikapu, masika yakikaribia pelekeni magari yakaguliwe upande wa hewa kabla ya kununua chochote kinachong'aa. Mafundi wetu, hasa nyinyi vijana mliosomea ufundi pale VETA Kihonda, ule mpira wa waashi hauna gharama. Mpimieni mteja aone kwa macho kabla hamjawasha mashine ya kukatia. Na wewe unayekwenda gereji kesho asubuhi kutolewa masega bure: yale masega ni mali yako. Yakitoka kwenye gari, usiondoke bila kuyashika mkononi, na muulize fundi mnunuzi wake anayalipia kiasi gani.